Dawa Iliyohukumiwa Kuwa Mboga

Baba yangu aliugua saratani ya damu, akapewa kidonge kimoja cha kumeza kila siku, na wanaume wa ukoo wetu wakakaa kikao kuamua kama kile kidonge ni dawa, ni uchawi au ni mboga. Nikisimulia habari hii watu hudhani natia chumvi. Chumvi huwa natia kwenye mambo mengine. Hili lilikuja limeshakolea.

Ilikuwa miaka ile ya mwanzo wa elfu mbili, soko huria limeshazoeleka. Kahawa tuliyokuwa tukiipeleka ushirika sasa ilinunuliwa na yeyote mwenye mizani na turubai, na kila mizani ilikuwa na maoni yake kuhusu kilo. Dawa nazo zikapata uhuru wao. Zamani dawa ya mibuni ilikuwa moja, ya bluu, na ukiikosa ushirika basi umeikosa. Sasa Mbinga mjini maduka yalijaa makopo ya kila rangi, na mnadani alikuwapo mtu mwenye kipaza sauti aliyeuza kidonge kimoja cha kutibu meno, minyoo, presha na ndoa. Huku kwetu milimani, upande wa Namswea, kuna watu walishanyunyizia mibuni yao kitu kilichokuja kugundulika kuwa ni unga wa muhogo uliotiwa rangi. Kwa hiyo neno dawa likitajwa kila mtu alikuwa mtaalamu, na kila mtaalamu alikuwa ameshatapeliwa.

Mimi, binti yake, nilikuwa nafundisha shule ya msingi huko chini ziwani, Liuli. Likizo ikifika napanda nyumbani na mfuko wa usipa wakavu, dagaa wa ziwani kwetu, naulizwa kwanza usipa uko wapi, halafu ndiyo naulizwa habari za safari. Likizo moja nikamkuta baba amekonda mikono na miguu, lakini tumbo upande wa kushoto limetuna, gumu kama kibuyu. Alikuwa akilima ngolo, yale mashimo yetu ya kilimo cha mteremkoni, na akifika katikati anakaa chini analitazama jembe kana kwamba limemtukana. Mama alikuwa ameshafariki zamani, kwa hiyo wa kugombana naye nilikuwa mimi. Nikagombana naye mpaka akakubali kushuka nami hospitali ya misheni. Pale walimtoa damu, daktari akaiangalia kwenye darubini, akamwita mwenzake naye aangalie. Hapo nikajua kuna jambo. Malaria haiitiwi mtu wa pili.

Tukatumwa Dar es Salaam, kwenye hospitali kubwa. Walimpima damu ya mkononi, wakampima na uboho wa mfupa wa nyonga, na baba akalalamika kuhusu ile sindano ya nyonga kwa muda mrefu kuliko alivyolalamika kuhusu saratani. Majibu yalipotoka daktari alituita. Alikuwa kijana, mpole, mwenye foleni ndefu nje ya mlango.

"Mzee," akasema, "damu inatengenezwa ndani ya mifupa. Huko kwako kuna swichi moja imekwama, haizimiki. Kwa hiyo chembe nyeupe zinazaliwa mchana na usiku, nyingi mno, na hazina kazi."

"Kama vyama vya siasa," baba akasema.

Daktari akacheka, akaendelea. Dawa za zamani, alisema, zilikuwa sawa na kupiga bomba la dawa shamba zima: zinaua kila kinachoota haraka, saratani, nywele, hata utando wa tumbo. Hii mpya inalenga. Inakwenda moja kwa moja kwenye ile swichi, inaikalia isiwake. Ndiyo maana walimpima kwanza, kuhakikisha swichi yenyewe ndiyo hiyo, kwa sababu mgonjwa asiye na swichi hiyo hata akimeza debe zima haimsaidii kitu. Kisha akasema maneno ambayo, kama angejua yanakokwenda, angeyameza yeye mwenyewe na maji mengi.

"Kwa kifupi, mzee, adui yako yumo ndani ya damu yako. Dawa hii inamlenga yeye tu. Majirani haina ugomvi nao."

Akatoa na masharti: kila siku bila kuruka, pamoja na chakula, na bilauri kubwa ya maji. Asile balungi. Asimgawie mtu. Dawa ingetolewa kwa msaada, na kila baada ya miezi kadhaa aje apimwe. Akiacha, swichi itawaka tena, na safari hiyo huenda isizimike. Baba akauliza ataimeza mpaka lini. Daktari akasema mpaka atakapokufa kwa kitu kingine. Baba alilipenda sana jibu hilo.

Tuliporudi nyumbani watu walikuja kumpa pole, naye akawaelezea kwa Kimatengo. Nilikuwa jikoni nasikiliza, na nilisikia kabisa jinsi maneno ya daktari yalivyozidi kunyooka kadiri baba alivyoyarudia. Kwa mgeni wa kwanza swichi ilikuwepo. Kwa mgeni wa tatu swichi ikatoka, mifupa ikatoka, ikabaki hivi: nimepewa dawa inayomwinda adui yangu, adui mwenyewe ni wa damu yangu, jirani haimgusi.

Sasa, mpakani mwetu aliishi baba yangu mdogo, mtoto wa ndugu yake babu. Kati ya shamba lake na la baba kulikuwa na mstari mmoja wa mibuni ambao kila mmoja aliuita wake. Baba mdogo alikuwa akisema, "Sisi ni damu moja, mpaka wa nini kati ya ndugu?" huku anachuma. Baba naye akimjibu, "Kanisani wewe ni ndugu. Shambani wewe ni jirani." Walikuwa wameimba wimbo huo tangu sijaanza shule.

Kesho yake baba mdogo akaja. Hakuingia ndani, akasimama uani.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba."

"Nasikia umepewa dawa inayolenga."

"Ndiyo."

"Inamlenga nani?"

"Adui."

"Yuko wapi?"

"Kwenye damu yangu."

"Na jirani?"

"Haimgusi."

Baba mdogo akafikiri, akakuna shingo. "Kaka, hebu niambie. Mimi ni damu yako au ni jirani yako?"

Baba alikuwa amechoka, na alidhani mwenzake amekuja tena na habari za kahawa. Akamjibu kwa kejeli, "Si wewe unayesema kila mwaka kwamba sisi ni damu moja?"

Baba mdogo akaondoka bila kuaga. Jioni hiyo hiyo akashikwa na homa. Ilikuwa malaria, malaria ya kawaida ya masika, na alipewa dawa zahanati akapona kama watu wote. Lakini hakuna aliyemwondoa kwenye imani yake kwamba amekoswakoswa.

Na baba hakusaidia. Kile kidonge, cha rangi ya kutu, kilikuwa na tabia zake, na daktari alishatuonya: kinavimbisha macho, kinakaza misuli ya miguu, na watu weusi wengine kinawapausha ngozi. Baba alikuwa mweusi wa kupigiwa mfano. Baada ya miezi michache akaanza kuwa rangi ya chai iliyotiwa maziwa kidogo, macho yamevimba asubuhi kama aliyekula ngumi. Kanisani akina mama wakanong'ona kwamba mzee anapaka mkorogo. Baba mdogo alisema mkorogo gani, mtu anabadilika rangi kama kinyonga, dawa inamkagua yeye kwanza kabla haijatoka nje.

Ndipo akataka sengu. Sengu kwetu ni baraza la wanaume wa ukoo. Zamani kila nyumba ilipeleka chakula chake mahali pamoja, wanaume wakala kwa pamoja, na mambo yakaamuliwa hapo hapo mikono ikiwa na ugali. Ndiyo sababu mtu anayekula peke yake hutazamwa vibaya: ana jambo. Lakini kwetu sengu ilikuwa imeshakufa. Kila mtu alikuwa na kahawa yake, mnunuzi wake na sufuria yake. Ikafufuliwa kwa ajili ya kidonge.

Niliposikia nilipanda kutoka Liuli nikiwa nimefura. Nikamwambia baba asiende, na kama akienda basi asiwasikilize. Alikuwa anasuka mfuniko wa kapu, hakuinua uso.

"Wakisema nisimeze, sitameza," akasema.

"Utakufa, baba."

"Na nikimeza kwa siri nikapona, nitaishi na nani?"

Nikaingia jikoni nikagongagonga vyungu. Nilimkasirikia kiasi kwamba nililia, na nilimwogopea kiasi kwamba sikutaka aone.

Siku ya sengu nilipeleka ugali, maharage na usipa, kisha nikakaa kando karibu na moto. Mwanamke kwenye sengu yupo na hayupo. Karibu nami alikaa mama mdogo, mke wa baba mdogo, mwanamke mrefu wa maneno machache, anachambua mboga.

Baba mdogo alisimama akatoa mashtaka. Kwanza, kaka yake anayo dawa inayolenga. Pili, ilishamrushia yeye homa. Tatu, mwenye dawa anapauka. Kwa hiyo kaka aache kumeza mpaka ijulikane inakwenda wapi.

Baba akasimama akasema yote aliyoambiwa na daktari, safari hii na swichi akairudisha. Ilikuwa too late, kama wanafunzi wangu wa darasa la saba walivyopenda kusema. Hakuna aliyetaka swichi. Mmoja akauliza kama swichi ikizimwa na umeme wa kanisani utakatika.

Mkubwa wa sengu alikuwa babu mmoja asiyesikia vizuri, aliyefika kwa sababu alisikia kuna usipa. Alikuwa ametulia muda wote akitazama vyungu. Akakohoa.

"Hicho kitu kinamezwa na nini?"

"Na chakula, babu," baba akasema kwa sauti kubwa. "Daktari amesisitiza."

"Chakula gani?"

"Chochote. Ugali."

"Kitu kinacholiwa na ugali kinaitwaje?"

Wote walidhani ni fumbo. Babu akawakasirikia.

"Ni mboga! Na mboga hailiwi chumbani peke yako. Aje aile hapa mchana tumwone, kila siku. Atakayekula mboga mbele ya watu hawezi kuwa anaroga. Haya, karibuni."

Na ndivyo ilivyokuwa. Saratani ya damu, dawa iliyotengenezwa ng'ambo na watu waliosoma mpaka vipara, ikaingizwa kwenye kundi la kisamvu. Baba mdogo alikubali kwa masharti mawili. La kwanza, iandikwe vichwani mwa wote kwamba yeye si damu, ni jirani tu, tena jirani wa mbali. Baba akauliza taratibu, na ule mstari wa mibuni? Baba mdogo akameza mate. Akasema jirani hana mibuni upande wa pili wa mpaka. Hivyo kesi ya kahawa ya miaka yote ikaisha hapo, bila hakimu. La pili, kaka anapomeza aelekee ziwani, ili dawa ikikosa shabaha iishie Malawi.

Basi ikawa kila mchana baba anabeba kidonge chake mpaka sengu, ananawa, anakula tonge mbili, anageuka magharibi kuelekea Nyasa, anameza na bilauri ya maji, wanaume wote wanamtazama koo. Babu anauliza, "Imepita?" Baba anasema, "Imepita." Ndipo wengine wanaendelea kula. Na kwa kuwa wote walitaka kuiona ikipita, wote walikuja, na kila nyumba ikaleta chungu. Hakuna muuguzi angeweza kumsimamia mgonjwa vile. Siku alipolala kwa uchovu akakosa kufika, walimfuata na ugali mpaka kitandani. Tumbo likaanza kushuka. Akamaliza mashimo yote ya ngolo mwenyewe. Dar wakapima, daktari akasema damu imetulia, sijui mnafanyaje huko, endeleeni hivyo hivyo. Nilitamani kumweleza, nikaona ana foleni.

Huo ndio ungekuwa mwisho kama dunia ingekuwa na adabu.

Mwaka uliofuata mama mdogo alipata uvimbe kwenye titi. Kwa kweli alikuwa nao muda mrefu, ila alikuwa ameufunga na kanga na kunyamaza. Alipokwenda hospitali ya misheni ulikuwa umeshafika kwapani na kwingine. Baba mdogo alirudi naye, akamketisha nyumbani, akaja sengu moja kwa moja. Mimi sikuwepo, nilisimuliwa. Walisema alisimama akiwa hana sauti.

"Hii ni mboga au si mboga?" akauliza.

Babu akasema ni mboga, tulishaamua.

"Basi mboga hailiwi peke yako. Mke wangu ana ugonjwa wa jina hilo hilo, saratani. Na mimi ni damu yako, kaka. Nilisema si damu, nilikosea. Mibuni chukua yote."

Baba hakubishana. Alimwambia mtu alete wembe. Kidonge kikakatwa nusu, na kuanzia siku hiyo nusu ikawa ya baba, nusu ya mama mdogo, ambaye aliletwa sengu akakalishwa mbele ya wanaume, kitu ambacho hakikuwahi kuonekana. Anatia kinywani, anakunywa maji, babu anauliza, "Imepita?" Anaitikia kwa kichwa, ndiyo.

Nilipokuja likizo nikaona ule wembe kwenye sahani, nikauliza, nikaambiwa kama jambo la kawaida. Sitaki kurudia niliyoyasema. Nilimwambia baba kwamba anajiua, kwamba daktari alisema asimgawie mtu, kwamba ile dawa haina swichi ya kuikalia kwenye titi la mama mdogo. Baba alinisikiliza mpaka mwisho.

"Umesema kweli yote," akasema. "Sasa wewe njoo ukae pale mchana, umtazame, halafu umeze peke yako."

Nilimshika nikampeleka Dar kabla ya siku yake ya kupimwa. Bandama, ile iliyomtunisha tumbo upande wa kushoto, ilikuwa imeanza kuvimba tena. Daktari, yule mpole, safari hii alipiga meza. Alisema nusu dozi ni mbaya sana, kwa sababu inamwonesha adui dawa bila kumuua, naye anajifunza kukwepa. Akaniambia na habari ya mama mdogo. Saratani ni jina moja, alisema, lakini magonjwa ni mengi, na kila mmoja una kitasa chake. Hata saratani ya titi nyingine zinazo dawa zake za kulenga, lakini lazima upime ujue ni aina gani, na lazima uwahi. Kwa alivyoelezwa, alimwona amechelewa. Kidonge cha baba kwake ni sawa na kumeza kifungo cha shati.

Nikarudi na maneno hayo mpaka sengu. Safari hii sikukaa karibu na moto, nilisimama katikati, na hakuna aliyenikataza. Nikawaeleza taratibu kama darasa la tatu. Nilipomaliza, baba mdogo alikuwa ananitazama tu.

"Kwa hiyo hii dawa, mwalimu," akasema, "inamjua kaka yangu. Mke wangu haimjui."

"Ndiyo, baba mdogo."

"Aliikosea nini?"

Baba akachukua wembe, akakata kidonge kama jana yake, akageukia ziwa.

Mchana huo mama mdogo aliniita nyuma ya jiko lake. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, pumzi fupi. Akafungua pindo la kanga kiunoni, akanimwagia kiganjani. Vilikuwa vipande vya rangi ya kutu, vingi, nusu nusu, vingine vimelowa kidogo kingo zikavunjika, lakini vyote vilikuwepo.

"Vya shemeji," akasema. "Mrudishie."

Nikaviangalia, nikamwangalia.

"Huwa naficha chini ya ulimi. Hospitali waliniambia mwanzoni kabisa, mwanangu. Sister alinikalisha akanieleza, kila kitu. Najua kwangu hakuna dawa."

"Sasa kwa nini, mama?"

"Mumeo ukimpata utajua." Akapumua. "Tangu turudi kutoka hospitali mume wangu alikuwa hali chakula. Kabisa. Siku ya kwanza nilipomeza pale, au alipodhani nimemeza, alikula ugali wote. Nikasema basi. Lakini sikujua kwamba nusu itamuumiza shemeji. Nimekusikia leo. Tafuta kitu kingine cha rangi hii, unipe. Shemeji ameze kizima."

Nilikaa chini kwenye majani ya migomba. Nilikuwa nimewaona wote wapumbavu, na huyu nilimwona mpumbavu kuliko wote, anayekaa mbele ya wanaume kupokea nusu kidonge. Nikamshika magoti nikalia kama mtoto. Akanipigapiga mgongoni, akaniambia nipunguze sauti, mume wake yuko karibu.

Kitu cha rangi ile nilikipata kliniki ya wajawazito: vidonge vya kuongeza damu. Si rangi ile kabisa, lakini ya kutosha, na wanaume wa ukoo wetu hawakuwahi kuviona, kwa sababu kliniki walikuwa wanasindikiza wake zao mpaka njia panda tu. Baba nilimweleza, nikampa na vile vipande, akaviweka. Akawa anakuja sengu na vidonge viwili. Anasema daktari ameongeza, sasa kila mtu na chake. Anakata viwili vyote ili visitofautiane, anameza nusu zake mbili, mama mdogo anapokea nusu zake mbili za kliniki na anazimeza kweli. "Zimepita?" anauliza babu. "Zimepita." Na baba mdogo anakula. Tumbo la baba likaanza kushuka tena. Kwa maumivu, sister wa misheni alikuwa anampa mama mdogo dawa nyingine, na hiyo ndiyo iliyomsaidia.

Alifariki mwanzo wa msimu wa kuchuma. Tulimzika juu kwenye mteremko wao. Baada ya msiba sengu ikarudi, ila baba mdogo hakuja. Siku hiyo hakuja, wala iliyofuata. Watu walipita kwake wakasema amekaa tu uani, chakula kinaletwa na kinatolewa.

Mchana uliofuata baba hakuelekea sengu. Aliniambia nibebe ugali na mboga, yeye akabeba maji, tukavuka ule mstari wa mibuni. Baba mdogo alikuwa amekaa kwenye kigoda cha mkewe. Baba akakaa mbele yake, chini, yeye mkubwa.

"Daktari amesema nimeze na chakula," akasema. "Na peke yangu sili."

Akafungua kiganja. Hakuwa amebeba kidonge kizima. Alikuwa amebeba vipande viwili kati ya vile vya pindo la kanga ya mama mdogo, kingo zimevunjika. Baba mdogo akavitazama muda mrefu, kisha akanitazama mimi, kisha akavitazama tena.

"Hivi mbona viliwahi kulowa?"

"Ndivyo vilivyonifikia," baba akasema.

Baba mdogo alinyoosha kidole, akakigusa kimoja, akakiacha hapo hapo kiganjani mwa kaka yake. Sijui alijua nini, sikumuuliza kamwe. Akavuta bakuli la maji akanawa mikono.

"Meza, kaka," akasema. "Ugali unapoa."